Aliyejenga Kaburi Alitaka Nini? Kutoka Lucca hadi Kisauni

Mhadhara kwa umma, Kisauni, Mombasa



Nimekuja kuzungumza juu ya makaburi, na nitaanza na wanawake wawili ambao hawakujuana wala hawangeweza kujuana.

Wa kwanza ni Ilaria del Carretto. Aliolewa mwaka wa 1403 na Paolo Guinigi, mtawala wa mji wa Lucca huko Italia. Mwaka wa 1405, baada ya kujifungua mtoto wa kike, alifariki. Mumewe akamwita mchongaji Jacopo della Quercia, akamwagiza amtengenezee mkewe kaburi la marumaru katika kanisa kuu la San Martino. Wa pili ni Rosine Krapf. Aliingia Mombasa mwaka wa 1844 pamoja na mumewe, mmisionari wa Kijerumani, Johann Ludwig Krapf. Mwezi wa Julai mwaka huohuo alijifungua mtoto wa kike. Wiki moja baadaye, tarehe 13 Julai, homa ilimuua, na kitoto hakikukawia kumfuata mama yake. Hawakuzikwa kisiwani. Walivushwa maji wakazikwa upande huu wetu wa bara, mahali ambapo leo tunapaita Nyali, ng'ambo tu ya Mji wa Kale.

Msiba ni mmoja. Mwanamke anafia uzazini, na mume anabaki na swali la kuweka nini juu ya udongo. Majibu yao hayakufanana hata kidogo, na ndiyo maana nimewaweka pamoja. Nataka mhadhara huu uwe na swali moja tu, nanyi mnisaidie kulishika hadi mwisho: aliyejenga kaburi alitaka nini? Maiti hajijengei. Hata yule aliyeacha wasia na pesa za ujenzi, kazi inafanywa na walio hai, na walio hai wana haja zao.

Tulitazame kwanza lile la Lucca, maana linatazamika. Ilaria amelala chali juu ya jeneza la marumaru kana kwamba amesinzia. Kichwa kimewekwa juu ya mito miwili, nywele zimezungushiwa kilemba kinene cha maua, ukosi wa kanzu umepanda hadi chini ya kidevu. Mikono ameikunja tumboni. Miguuni pake yupo mbwa mdogo ameinua kichwa kumtazama, na kwa desturi ya Ulaya mbwa huyo ni alama ya uaminifu wa mke. Kando za jeneza zimezungukwa na watoto wadogo walio uchi, wenye mabawa, wamebeba mashada mazito ya maua na matunda. Watoto hao Jacopo hakuwatoa katika Injili. Aliwachukua kwenye majeneza ya mawe ya Warumi wa kale, yale yaliyokuwa yakionekana bado katika miji ya Toscana. Hapo ndipo mnapoona zama mpya zikianza, zile ambazo wanahistoria huziita Mwamko, au Renesansi: Mkristo wa mwaka wa 1406 anaazima mapambo ya mpagani aliyekufa miaka elfu moja na zaidi kabla yake, na haoni haya.

Basi Guinigi alitaka nini? Sina shaka kwamba aliumia. Lakini Guinigi hakuwa mfalme mwana wa mfalme. Alikuwa mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara, aliyetwaa mji mwaka wa 1400. Mke alitoka katika nyumba ya kimwinyi. Kumlaza mke huyo kwa marumaru katika kanisa la mji mzima ilikuwa njia ya kuwaambia watu wa Lucca kwamba hapa sasa pana nyumba ya watawala. Nao watu wa Lucca waliielewa vizuri sana ile lugha, kwa sababu mwaka wa 1430, walipompindua Guinigi, kaburi nalo halikupona. Lilivunjwavunjwa, vipande vikatawanywa, na tunachokiona leo ni kazi ya watu wa baadaye waliojaribu kuviunganisha tena. Hakuna aliyekuwa na ugomvi na yule mama aliyefia uzazini. Ugomvi ulikuwa na dai lililowekwa juu yake.

Mfano wa pili wa Italia nitaupitia haraka, kwa sababu unatupa mwaka ninaoutaka. Mwaka wa 1444, miaka 400 kamili kabla ya Rosine, alifariki Leonardo Bruni, katibu mkuu wa serikali ya Firenze na mwandishi wa historia ya mji huo. Kaburi lake katika kanisa la Santa Croce lilichongwa na Bernardo Rossellino. Limejengwa ndani ya ukuta, chini ya tao la duara lililoshikwa na nguzo bapa pande mbili. Ndani ya tao amelala Bruni, kichwani amevikwa taji la majani kama washairi wa kale, na mikononi ana kitabu. Juu yake Bikira Maria na mwanawe wamechongwa ndani ya duara. Chini yake malaika wameshika bamba la maandishi ya Kilatini, na maandishi hayo yanasema kwamba tangu Leonardo aondoke Historia inaomboleza na Ufasaha umekuwa bubu. Angalieni: si askofu, si mfalme, si mtakatifu. Ni mwandishi, tena mwandishi wa serikali. Firenze ilitaka kuonekana Roma mpya, mji unaomheshimu mtu wa elimu kama Roma ilivyowaheshimu wake. Kaburi hilo likawa kielelezo. Alipofariki Carlo Marsuppini, aliyemrithi Bruni ofisini, mwaka wa 1453, akajengewa la mtindo uleule katika kanisa lilelile, upande wa pili, kwa mkono wa Desiderio da Settignano.

Mtu akisikia haya huweza kudhani kwamba wakati Italia ikichonga marumaru, pwani yetu ilikuwa kimya. Vitabu vingi vya shule vimetuachia picha hiyo, na inanichoma moyo, kwa sababu ushahidi wa kuikanusha hauko mbali. Panda matatu hapa barabara ya Malindi, vuka daraja la Mtwapa, shuka uelekee baharini mpaka Jumba la Mtwana. Ni mji wa karne ya 14 na ya 15. Mwanaakiolojia James Kirkman aliufukua mwaka wa 1972, na magofu yake yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Karibu na msikiti ulioelekea maji kuna kaburi la mawe lenye bamba la tumbawe lililochongwa aya ya Qur'ani, ile inayoikumbusha kila nafsi kwamba mauti haina budi kuyaonja. Aliyelala pale aliishi karibu na zama za Ilaria. Ukiendelea kaskazini hadi Gede utakuta kaburi lenye tarehe iliyochorwa kwenye lipu: mwaka wa 802 wa Hijra, yaani 1399 Miladia. Miaka sita kabla ya Ilaria kufariki, mtu wa Gede alikwishajengewa kaburi, na fundi akajua kwamba tarehe ina thamani akaiandika. Tarehe hiyo moja ndiyo iliyompa Kirkman mahali pa kusimama alipoanza kuchimba Gede mwaka wa 1948. Mji uliokuwa umefunikwa na msitu ukaanza kupata umri wake kwa sababu ya kaburi.

Nataka mwelewe jinsi kazi hii inavyofanywa, maana mara nyingi tunayapita magofu kama marundo ya mawe. Waashi wa pwani walitumia matumbawe ya namna mbili. Kuna jiwe linalochimbwa nchi kavu, gumu, lenye vijitundu, ambalo ndilo la kuinulia kuta. Na kuna tumbawe linalotolewa baharini likiwa bichi. Hilo ni laini, hukubali patasi, na lazima lichongwe kabla halijakauka, kwa kuwa likishapata jua na upepo hukaza. Mwenye kuchonga nakshi alikuwa akishindana na muda. Chokaa nayo ilitoka kwenye matumbawe yaleyale: yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa mpaka yakawa meupe, yakamwagiwa maji, yakaachwa yalale kabla ya kutumika. Kwa hiyo jiwe, nakshi na lipu vyote ni bahari. Jacopo alisubiri marumaru ishuke kutoka milima ya Carrara. Fundi wetu aliingia majini wakati wa maji kupwa.

Umbo la kaburi lenyewe mnalijua wengine. Kuta fupi nne, pembe zimeinuliwa ngazi ngazi, mbele kumegawanywa vidaka vya kina kifupi. Kisha, juu ya makaburi ya watu fulani, unasimama mnara. Mnara huo huweza kuwa wa duara, wa pembe nne, wa pembe nane, au wenye mifereji iliyosimama tangu chini hadi juu. Upo Malindi, kando ya msikiti wa Juma, pwani kabisa. Upo pia Mnarani pale Kilifi, na Takwa kwenye kisiwa cha Manda, ambako watu wa Shela wamekuwa wakivuka kwenda kuomba mvua. Tanzania kuna Kaole karibu na Bagamoyo, na Kunduchi karibu na Dar es Salaam. Umbo hili ni la pwani yetu. Uarabuni hulikuti, wala Uajemi, na wale wataalamu wa zamani waliotaka kila jiwe letu liwe limetoka ng'ambo walisumbuka sana kulitafutia baba.

Katika mnara wa Mambrui, ule ulioporomoka mwaka wa 1934, mafundi walipachika mabakuli ya kauri kutoka China. Hebu nisimame hapa kidogo. Bakuli lilichukuliwa zima, likakandamizwa kwa kitako kwenye lipu mbichi, mdomo ukabaki nje kama jicho. Katika magofu mengi leo bakuli halipo. Limebaki tundu la duara, na ukilisogelea kwa karibu utaona ndani yake, kwenye chokaa, mstari mwembamba uliozunguka. Hiyo ni alama ya kitako cha bakuli, imehifadhiwa na lipu ileile ya siku ile. Mkono uliolikandamiza ulikuwa wa mtu wa hapa. Mkono uliolibandua, karne kadhaa baadaye, ulikuwa na bisibisi au panga, na mara nyingi kilichopatikana ni vigae tu, maana chokaa ya wazee haikubali kuachia kitu kizima.

Sasa swali letu. Aliyejenga Mambrui alitaka nini? Hakutaka tumkumbuke mtu kwa sura yake. Sura haipo, na dini haikuiruhusu. Hakutaka hata jina lake lisomeke, kwa kuwa minara mingi haina jina. Nionavyo mimi, alitaka mji ukumbuke ukoo. Bakuli la China lililiwa chakula katika nyumba za watu wachache waliokuwa na uwezo wa kununua kilichoshuka kutoka majahazini. Lilipangwa katika vidaka vya ukumbini, wageni wakaliona. Kulitoa nyumbani na kulijengea kaburini ni kusema kwamba nyumba hii iliyopokea wageni wa bahari bado ipo, na mkuu wake yuko hapa, na wajukuu wake wana haki ya kusema katika mji huu. Mnara ulioonekana kutoka chomboni ulimwambia nahodha vilevile: hapa pana wenyewe. Guinigi wa Lucca angeyaelewa hayo bila mkalimani.

Najua kuna swali linalowasumbua baadhi yenu, nalo ni la haki. Wanazuoni wetu wanafundisha kwamba kaburi lisijengewe, wala lisitiwe chokaa, na makaburi mengi ya Kisauni leo yanafuata mafunzo hayo: tuta la udongo, mawe mawili, mwisho. Mimi si wa kutoa fatwa, na kaburi la udongo lina heshima yake yote. Ninachosema ni kwamba wazee waliojenga Gede na Mambrui walikuwa Waislamu, walisali misikitini hatua chache kutoka makaburi hayo, na huko Jumba la Mtwana waliandika aya ya Mola wao. Kutofautiana nao hakutupi ruhusa ya kuyaacha yabomoke. Tunaweza kukataa kujenga jipya na bado tukalilinda la zamani, kwa kuwa la zamani limeshakuwa kitabu cha historia yetu.

Turudi hapa kwetu, kwa Rosine. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa siku zile, amelala karibu na mkewe, na aliandika jinsi alivyojikokota kuinuka ili ahakikishe kwamba kweli amekufa. Alieleza pia kwamba mkewe alitaka azikwe bara na si kisiwani, ili wapita njia waendao na watokao mjini, watu wa Nyika hasa, walione kaburi na wakumbushwe ni jambo gani lililowaleta wageni hawa. Kisha akawaandikia wakubwa wake London kwamba sasa kuna kaburi la mmisionari peke yake kwenye pwani ya Afrika Mashariki, nao walichukulie kuwa ni ishara kwamba kazi imeanza na haitarudi nyuma.

Isomeni barua hiyo kwa utulivu. Huyu ni mjane anayelia, nami siwezi kumnyang'anya machozi yake. Lakini barua yake imeshatoa dai la mahali. Kaburi lisilo na marumaru, lisilo na mbwa wala malaika, lilipewa kazi kubwa kuliko lile la Lucca, kwa maana Guinigi alidai mji na Krapf alidai bara zima. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1846, alifika Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai. Baadaye kaburi la Nyali likawekewa kumbukumbu ya mawe, likawa mahali pa ziara. Mwanamke aliyekaa Mombasa miezi michache tu ndiye mwenye kaburi linalojulikana kuliko yote upande huu wa maji, na mitaa mizima ya watu walioishi hapa vizazi kwa vizazi haina hata bamba moja. Simlaumu Rosine. Nasema tu kwamba aliyekuwa na kalamu ndiye kaburi lake lilisomwa.

Wapo waliokuja hapa bila kalamu na bila ukoo. Mwaka wa 1875 Chama cha Misheni cha Kianglikana kilianzisha Frere Town, kijiji cha watumwa waliokombolewa kutoka majahazini. Kengeleni tunapopanda magari kumepata jina kwa kengele ya kijiji hicho. Waliokaa pale walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine, walionyang'anywa wazazi wakiwa wadogo, na baadhi yao walirejeshwa kutoka India, wale tunaowaita Waafrika wa Bombay. Mtu wa aina hiyo anapokufa, ni nani amjengee na kwa nasaba gani? Hakuwa na babu wa kumtaja Mombasa. Ndiyo maana wajukuu wao wa Frere Town wameyashikilia makaburi yao kwa nguvu kila mji unapoyasogelea. Pale ukoo unaanzia kaburini, hauendi nyuma zaidi.

Nimeliacha kwa makusudi mpaka sasa jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Tukitafuta pwani hii sanaa iliyochonga mtu aliyekufa kwa umbo la mtu, kama walivyofanya Jacopo na Rossellino, hatuipati kwenye minara ya mawe. Tunaipata kwa majirani zetu, na kwa wengi wenu ndiyo nyumbani kwenu: vigango vya Wamijikenda, hasa Wagiriama.

Kigango ni ubao mzito wa mti mgumu, mrefu kama mtu au kupita. Juu kuna kichwa, mara nyingi duara bapa lenye macho na pua vilivyochorwa kwa mistari michache. Mara nyingine kichwa kimechongwa kizima kabisa. Chini ya shingo kiwiliwili kinashuka wima, kimejaa pembetatu na mistari iliyokatwa kwa kisu, ikapakwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Hakichongewi kila mtu. Maiti wa kawaida huwekewa koma, kijiti kidogo. Kigango ni cha mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye cheo, ambacho kuingia kwake ni karamu na gharama. Wala hakisimamishwi juu ya kaburi. Husimamishwa bomani, mahali pa wazee kukutana, tena si siku ya maziko. Pengine miaka hupita. Marehemu huanza kuwajia ndotoni, au maradhi na hasara vikaandama nyumba, mganga akasema baba anataka mahali pa kukaa. Ndipo mti hutafutwa. Kikishasimama hufungwa vitambaa, humwagiwa mnazi, huongeleshwa. Boma likihama, kigango hubaki palepale, kikaoza polepole kwa mvua na mchwa, na kuoza huko hakumuudhi mtu.

Mnaona tofauti? Bruni wa marumaru hatarajii kusemeshwa. Kazi yake ni kutazamwa. Kigango kina kazi ya kusikiliza. Aliyekisimamisha alitaka baba atulie, watoto wapone, mahindi yakubali. Dai lake halikuwa kwa mji wala kwa wapita njia. Lilikuwa kwa marehemu mwenyewe, na deni lake lilikuwa la pande mbili.

Kuanzia miaka ya 1970, vigango vikaanza kutoweka. Vijana wasio na kazi waliving'oa usiku, wakaviuza kwa fedha kidogo kwa wafanyabiashara wa vinyago hapa Mombasa, na kutoka hapa vikasafirishwa hadi Marekani. Huko viliuzwa kama sanaa ya kupamba sebule. Wanunuzi wengine walikuwa watu wa sinema wa Hollywood, nao baadaye wakavitoa zawadi kwa makumbusho. Mwaka wa 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Haukupita muda, vikaibwa. Mwaka wa 1999, katika mkutano wa wasomi wa mambo ya Afrika huko Marekani, msomi mwenzake Linda Giles alionyesha picha za vitu vya makumbusho moja ya Illinois. Udvardy alikuwa kitini. Akakitambua kimoja. Kingine kilipatikana Virginia. Vyote viwili vilirudishwa kwa familia mwaka wa 2007. Mzee alikwishafariki, na mjane wake na watoto ndio waliopokea.

Hii ndiyo habari njema, na nimeieleza kirefu kwa sababu ni moja kati ya mamia. Wataalamu hao wawili walivifuatilia vigango vya makumbusho ya Marekani wakavikuta kwa mamia. Jumba la makumbusho la Denver lilikubali mwaka wa 2014 kurudisha 30. Lakini vya Denver havikuwa na picha ya 1985. Havikuwa na jina la mzee, wala boma, wala ukoo. Vilirudi Kenya kama mali ya taifa, na hakuna anayejua vimwagiwe mnazi na nani.

Kisauni tuna sababu yetu ya karibu ya kulijali jambo hili. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka wa 1908 ilitaka kila mwenye kudai ardhi ya pwani aje na dai lake liandikwe. Wenye hati za Kiarabu na mawakili walikuja. Wamijikenda wengi na wakazi wengine wa vijiji hawakuja, au walikuja wasisikilizwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya mkoloni. Ugomvi wa viwanja unaotukosesha usingizi hadi leo una mzizi wake pale. Sasa mwangalieni mzee yeyote wa Pwani anapotakiwa athibitishe kwamba hapa ni kwao. Hatoi karatasi. Anawapeleka wageni chini ya mwembe, anawaonyesha minazi iliyopandwa na babu yake, kisha anawaonyesha makaburi. Yeye anasoma ardhi kama Kirkman alivyoisoma Gede. Tatizo ni kwamba ushahidi wake ni tuta la udongo na mawe mawili, na tingatinga moja likipita asubuhi, mchana hakuna kesi. Kwa hiyo anayefukua makaburi ili auze kiwanja anajua vizuri anafanya nini. Watu wa Lucca walilijua hilo pia mwaka wa 1430.

Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka wa 2006 inaruhusu mahali penye thamani ya historia patangazwe kuwa urithi unaolindwa, na maofisa wa Makumbusho wako Fort Jesus, safari fupi kutoka hapa. Lakini ofisa hawezi kulinda kaburi ambalo hakuna aliyemwambia lilipo. Rosine analindwa kwa sababu Krapf aliandika barua. Vigango viwili vilirudi kwa sababu ya picha moja. Kila mmoja wenu hapa ana simu inayopiga picha na kurekodi mahali ilipopigwa. Nawaomba muende Jumamosi hii, na bibi au mzee anayejua aende nanyi. Pigeni picha kila kaburi la ukoo wenu, la jiwe au la udongo. Andikeni jina la aliyelala, la baba yake na la babu yake, mwaka kama unajulikana, mji au kijiji alikotoka, na nani aliyewaambia. Nakala moja ibaki nyumbani, moja msikitini au kanisani, na moja ipelekwe Fort Jesus. Waliokuja na majina tayari wabaki nami hapa mbele, tuanze kuyaandika.